Sentimita 60 za Jikoni na Mgongo Unaoinama Uani

Kila nikipita kwenye nyumba zinazojengwa huku Mkuyuni, Mwanza, za kando ya barabara ya Butimba na zile zilizopanda mlimani katikati ya mawe, nakuta kitu kilekile. Fundi makabati ameshaingia. Mbao za MDF zimeegeshwa ukutani, jiwe la graniti linasubiri kukatwa, na ubavuni mwa sinki pameachwa uwazi. Ukiuliza wa nini, fundi atavuta tepu yake akusomee: upana sentimita 60, kimo 82, kina karibu 60. "Hapa inakaa mashine ya kuoshea vyombo, mama." Anasema kwa fahari, kwa kuwa ameanza kuombwa kazi ya namna hiyo karibuni tu na anataka ujue kwamba anaiweza.

Halafu zunguka nyuma ya nyumba hiyohiyo. Uani utamkuta binti amechuchumaa mbele ya mabeseni mawili, moja la povu na moja la kusuuzia. Maji aliyomwaga yanatambaa kwenye udongo hadi miguuni pake. Sahani zilizooshwa zimepangwa juu ya ndoo iliyofunikwa, maana hazina pengine pa kukaa. Nyumba ina makabati ya mamilioni, na vyombo vyake bado vinaoshewa chini.

Sina ugomvi na mashine. Nataka iingie kwenye nyumba zetu, tena iingie vizuri. Ila nyumba inayotenga sentimita 60 kwa ajili ya mashine bila kutenga hata mita moja na nusu ya karo la kuoshea vyombo mtu akiwa amesimama, imeanzia mwisho. Uti wa mgongo wa anayeosha ndio uamue mpangilio wa jiko.

Tulikuwa tukioshea ziwani

Nimekulia ufukweni. Jioni tulitwika madishi ya vyombo vya mchana, tukashuka ziwani, tukakaa kwenye mawe huku miguu imezama majini. Stiliwaya hatukuijua, tulitumia mchanga. Sufuria lenye ukoko ulilisugua kwa kiganja mpaka likang'aa, ukaiona sura yako. Tuliipenda kazi ile, kwa sababu baada ya vyombo tuliruhusiwa kuogelea.

Tusichokijua ni kwamba kwenye majani ya ufukweni walikaa konokono wadogo, na kutoka kwao hutoka viluwiluwi vya minyoo ya kichocho vinavyopenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kanda ya Ziwa imeteswa na ugonjwa huu kwa vizazi na vizazi. Waathirika wakubwa ni wavuvi, watoto na akina mama, maana hao ndio ambao kazi zao zinawaweka majini. Katika rika langu wapo waliokojoa damu wakaambiwa wamekua, na wapo waliovimba tumbo wakaambiwa wamerogwa. Vyombo vilikuwa safi, waliovisafisha ndio walioumia.

Ndiyo maana nikiona bomba uani sioni kitu kidogo. Lilitutoa miguu majini. Jiji la Mwanza limebebwa kwa miaka mingi na chanzo cha maji cha Capripoint, na sasa jirani zetu wa Butimba wana chanzo kipya kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Ni hatua kubwa, nami naishukuru. Lakini bomba limefika tukabaki na mkao uleule wa ziwani. Tulihamisha maji kutoka ufukweni hadi uani, mgongo tukauacha umeinama vilevile. Tulikosa nini hadi tusijenge meza ya matofali? Saruji haikuwepo? Au ni kwa kuwa anayeinama hakuwa amekaa kikaoni siku ramani ilipochorwa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mashine yenyewe ilisubiri nyumba

Wanaotaka mashine kwanza nawaomba wasikilize habari za mama aliyeibuni. Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, alipewa hataza ya mashine yake tarehe 28 Desemba 1886. Alikuwa mwanamke wa karamu, mwenye sahani za kaure alizozienzi, na alichoka kuziona zikirudi kutoka jikoni zimemeguka kingo. Mumewe alifariki mwaka 1883 akamwachia madeni, na wazo lililoanza kama kero ya mwenye nyumba likageuka kuwa riziki ya mjane. Alishirikiana na fundi mitambo George Butters, wakatengeneza vitundu vya waya vya kushikilia kila chombo mahali pake, na maji ya sabuni yakarushwa kwa nguvu juu ya vyombo vilivyotulia. Kabla yake walikuwepo waliojaribu kusugua vyombo kwa brashi za kuzunguka. Yeye aliona kwamba kinachotakiwa ni msukumo wa maji.

Katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893 mashine zake zilifanya kazi kwenye migahawa mbele ya macho ya watu. Hoteli zikanunua. Nyumba za kawaida hazikununua. Bei ilikuwa kubwa, kweli, lakini pia nyumba nyingi za wakati huo hazikuwa na maji moto ya kutosha kuilisha mashine. Zilipita zaidi ya nusu karne, mpaka miaka ya 1950, ndipo ikaanza kuwa kitu cha kawaida katika nyumba za Marekani za watu wa kipato cha kati. Kufikia hapo maji moto, umeme na bomba la majitaka vilikuwa vimeshaingia ndani. Nyumba ilijengwa kwanza, mashine ikafuata. Sisi tunataka kuruka hatua hiyo kwa kuacha uwazi kwenye kabati tu?

Yaliyompata mdogo wangu

Mdogo wangu wa kike amejenga mlimani. Alinunua mashine ya kupachika ndani ya kabati, ile ambayo mlango wake unavalishwa ubao unaofanana na makabati mengine hata mgeni asijue ipo. Siku ya kwanza iliwaka taa, ikanguruma, ikasubiri, ikazima. Siku ya pili vilevile. Fundi akasema ni mbovu, irudishwe.

Haikuwa mbovu. Mashine nyingi za aina hii zinataka msukumo ambao maji huupata yakishuka kutoka kimo cha mita tano hivi. Simtanki la mdogo wangu lilikaa juu ya mnara wa chuma wa mita tatu. Maji yalitosha kujaza ndoo na kuogea, lakini hayakuwa na nguvu ya kuiridhisha mashine, nayo imeundwa ijizime ikiona maji yanasuasua. Wengi wakifika hapo hununua pampu, jambo ambalo si baya, ila umeme ukikatika na maji yanakatika. Kwake tiba ilikuwa nyuma ya nyumba. Kuna jiwe kubwa, yale mawe yetu ya Mwanza yaliyobebana, ambalo tangu aanze kujenga alililalamikia kwamba limemla kiwanja. Wakapandisha simtanki juu ya jiwe hilo, wakalisakafia kwa saruji lisiteleze, wakashusha bomba. Mashine ikavuta maji.

Likaja suala la umeme. Mashine hii hupasha maji yenyewe, na inapopasha hula takriban wati 2,000. Haifai kuchomekwa kwenye ekstensheni pamoja na friji na birika. Inataka soketi yake, waya wake mnene na swichi yake kwenye boksi la umeme. Zaidi ya yote inataka waya wa ethi unaofanya kazi kweli, kwa kuwa maji na umeme vimekaa humo chumba kimoja. Huku kwetu ethi ni mtihani. Fundi umeme alipiga nondo ya shaba ardhini, ikazama kiasi cha goti la mtoto, ikagonga mwamba. Akajaribu pembe nyingine, mwamba tena. Mwishowe aliipata nafasi kwenye shina la mgomba, pale maji ya bafuni yanapomwagikia siku zote na udongo ni mzito na wa majimaji. Akapima kwa kifaa chake, akaridhika. Nilimheshimu sana kijana yule. Wengine wangeukata waya, wakaufukia juujuu, wakachukua hela yao na kwenda. Mwenye nyumba angejuaje, kabla ya siku atakayogusa mlango wa mashine kwa mkono uliolowa?

Mengine nayataja kwa haraka kwa faida ya anayejenga sasa. Mpira wa kutolea maji machafu upandishwe kwanza hadi chini kabisa ya jiwe la kabati ndipo ushuke kwenye bomba la sinki. Ukilazwa tu sakafuni, maji ya sinki yanarudi ndani ya mashine. Sakafu ya ule uwazi iwekwe tailizi sawa na sakafu nyingine na kabla mashine haijaingia. Nimeona nyumba ambako tailizi ziliwekwa baadaye, sakafu ikapanda, na sasa mashine haitoki bila kuvunja. Kingo za MDF zizibwe, maana mvuke ukiingia ubao unavimba kama mkate. Na matundu yote ya ukutani yafungwe kabisa, panya wanapenda mipira ile.

Sufuria halimo

Siku mashine ilipokubali, tulikula ugali, sato wa kuchemsha na mchicha, tukaenda kuipakia kwa shauku. Hapo ndipo nilipoielewa.

Sufuria la ugali ni la alumini. Sabuni ya mashine ni kali, na alumini haipatani nayo. Sufuria liliingia linang'aa, likatoka limefubaa, lina rangi ya jivu la mvua, na ukoko bado umeshika chini. Sufuria lililokaa kwenye mkaa lina masizi, na masizi hayatolewi na maji ya kurushwa. Mwiko wa mti ukipikwa humo mara kadhaa hupasuka. Hotpoti haitakiwi kuingia kabisa, maana maji hupenya kati ya kuta zake mbili yakaozea humo. Dishi la kunawia halienei. Kinu na chungu sivitaji. Zikabaki sahani, vikombe, glasi, bakuli na vijiko.

Sidharau hizo. Nyumba ya watu wanane ina sahani nyingi, na siku ya msiba au harusi ndogo zinakuwa mlima. Tena hapa ziwa letu limetupendelea: maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chumvichumvi nyingi, kwa hiyo glasi zilitoka angavu bila ukungu mweupe unaowasumbua wanaotumia maji magumu ya visima. Ila ile kazi inayovunja mgongo, yaani sufuria, kikaango cha samaki na dishi, ilibaki palepale uani. Binti anayemsaidia mdogo wangu alizichukua, akaenda kuchuchumaa.

Mashine hii ilibuniwa kwa meza ya sahani za kaure. Jiko letu ni la alumini, mti na masizi. Muuzaji hawezi kukuambia hilo, ni wewe unayejua unachopikia.

Hesabu ya maji na uniti

Wanaoitetea mashine hupenda kusema inaokoa maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, wakiongozwa na Rainer Stamminger, waliwaangalia watu wa nchi mbalimbali za Ulaya wakiosha kwa mikono vyombo vya walaji 12, wakakuta wanatumia wastani wa lita zipatazo 100. Mashine ya kisasa inatumia kama lita 10 hadi 12. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa mtu anayeacha bomba wazi likimwagika. Mimi nilipima uani kwetu: vyombo vya jioni vya watu wanane, ndoo mbili za lita 20, na ya pili haikuisha. Dakika zilikuwa 50. Maji yaliyookolewa na mabeseni yalilipwa kwa dakika hizo, na aliyezilipa ni mmoja.

Umeme ndio wenye kuuma. Kwa mzunguko mmoja mashine hula karibu uniti moja. Ukiosha kila siku, uniti 30 kwa mwezi. Nyumba nyingi huku ziko kwenye lile kundi la matumizi madogo, la uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila uniti kabla ya kodi. Mashine pekee inakula karibu nusu ya mgao huo. Weka taa, televisheni, friji na pasi, umeshavuka, na uniti inayozidi inahesabiwa kwa shilingi 350. Ukizoea kuvuka unahamishiwa kundi la juu, ambako kila uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, pamoja na zile ulizokuwa unazipata kwa bei nafuu. Kwa mama anayenunua LUKU ya elfu mbili mbili, mashine haitaongeza gharama yake peke yake tu. Itapandisha bei ya kila taa ndani ya nyumba. Nani amemweleza hivyo dukani?

Wapo wanaomudu, na sina neno nao. Naandika kwa ajili ya mwalimu na muuza dagaa waliochukua mkopo wa kumalizia nyumba, ambao fundi amewaambia kwamba jiko bila uwazi ule ni la kizamani.

Huyu anayeosha

Tunapoongelea vyombo Mwanza tunamwongelea binti, mara nyingi wa kutoka kijijini, Misungwi au Sengerema au ng'ambo huko Ukerewe. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Januari 2023 liliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, katika kundi la waajiri wa kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Hapa jijini lipo shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mfanyakazi wa nyumbani, na kazi ya shirika hilo ni kuwatetea mabinti hawa. Linganisha: mashine ya kupachika inazidi shilingi milioni moja kabla hujamlipa fundi. Ni mshahara wa binti wa zaidi ya mwaka mzima.

Nimesikia watu wazima wakisema, "Nikinunua mashine sitahitaji dada wa kazi." Atakayesugua sufuria ni nani? Atakayekwangua ukoko, akatoa miba ya sato, akasafisha kichujio kila wiki kisizibe kwa wali? Labda vijana wa kiume wa nyumba hiyo, na hapo ningepiga makofi. Sijaona bado.

Na wapo wenye moyo mzuri wanaoinunua kwa ajili yake, ili apumzike. Hao nawaambia: fedha hiyo inatosha kumpumzisha zaidi, na kwa haraka zaidi.

Karo kwanza

Jenga karo uani au kwenye jiko la nje. Kuta mbili za matofali na bamba la zege juu, kimo cha sentimita 85 hivi, lifike nyonga ya anayeosha. Kama binti ni mfupi, mpime yeye, si mume wa nyumba. Sinki mbili pana zinazoweza kumeza sufuria la kupikia watu kumi. Bomba la shingo ndefu. Wavu wa kukamata mabaki. Bati juu, maana mvua za masika hazina adabu. Kando yake kichanja kinachotazama jua la saa nne, vile vichanja ambavyo mabwana afya wamevihubiri vijijini kwa miaka, ambavyo tukihamia nyumba za tailizi tunavibomoa kwa kuona haya. Jua halilipiwi LUKU, nalo linaua vijidudu vizuri kuliko kitambaa chenye unyevu.

Maji machafu yawekewe njia. Kwenye mteremko, maji ya nyumba ya juu ni ugomvi wa nyumba ya chini. Sitaji kesi nilizozisikiliza kwa mjumbe. Milima kama Igogo, Kilimahewa na Mabatini imepata mfumo rahisi wa majitaka, wa mabomba membamba yasiyozikwa sana yanayokwepa mawe, na ukiwa karibu nao jiunge. Ukiwa mbali, chimba shimo na ujenge chemba ya kukamatia mafuta. Usisahau yote haya yanaelekea ziwani. Gugumaji tunalolia nalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 linanenepa kwa mbolea inayoshuka kutoka kwetu, na fosfeti ya sabuni ni mbolea. Umoja wa Ulaya uliibana fosfeti katika sabuni za mashine za vyombo tangu Januari 2017. Ukinunua mashine, soma pakiti ya vidonge vyake, chagua visivyo na fosfeti. Samaki wa mezani ni wa ziwa hilohilo.

Mdogo wangu amejenga karo lake mwezi uliopita. Lilichukua siku nne na mifuko mitatu ya saruji. Jioni nilimkuta yule binti amesimama mbele yake, sufuria la ugali limezama kwenye sinki la kwanza, redio iko juu ya ukuta, anasugua huku anafuatisha wimbo. Aliponiona hakuhitaji kushika kiuno ili ainuke kunisalimia, alishasimama tayari.

Mimi namalizia jiko langu. Fundi makabati ameniuliza afanye nini na zile sentimita 60. Nimemwambia aziache. Avute bomba lenye koki, soketi yenye ethi na tundu la majitaka hadi pale, aweke tailizi mpaka ukutani, kisha atundike pazia. Kwa sasa tutaweka gunia la mchele wa Magu na mtungi wa gesi uliokwisha. Kesho asubuhi analeta matofali ya karo.